Nyayo Zilizoishia Ukutani

Kila siku akitoka shule, Hope hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipandisha kwanza kilima cha Goba hadi kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga baba yake, akachukua hotipoti ya chakula cha mchana, ndipo akateremka nayo nyumbani kuiosha. Ilikuwa kazi yake tangu aingie darasa la sita. Hakuichukia, kwa sababu Mzee Fakihi, mlinzi wa pale, alimwekea kipande cha muhogo wa kuchoma karibu kila siku.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo wamekufundisha nini?"

"Sehemu."

"Haya, ugawe huo muhogo sehemu mbili. Na usinipunje, nakuona."

Baba yake, Elibariki, alikuwa mkandarasi mdogo. Ofisi yake ilikuwa pikipiki, simu na maka peni nyekundu iliyochomekwa sikioni. Akitaka kukumbuka jambo aliliandika popote palipo karibu, kwenye kiganja au kwenye tofali. Mkewe alipomwambia anunue daftari, alijigonga paji la uso na kusema, "Daftari ni hili hapa, na halijawahi kupotea."

Jumatatu moja mwezi wa nne, saruji ilipotea.

Mifuko hamsini iliingia stoo. Elibariki alikumbuka vizuri kwamba thelathini na mmoja ilikuwa imetumika, kwa hiyo ilitakiwa ibaki kumi na tisa. Alipohesabu alikuta kumi na mmoja. Akahesabu tena kwa kuigusa mmoja mmoja. Kumi na mmoja. Kufuli lilikuwa zima na bawaba hazikuguswa. Dirisha la stoo lilikuwa dogo kiasi kwamba hata paka angelipitia kwa shida.

Tangu siku hiyo mafundi waliacha kuimba kazini. Ukiacha stoo, nyumba ilikuwa bado haina milango wala madirisha, na upepo wa masika ukipanda kutoka bondeni ulipita kwenye matundu yake ukitoa mlio mrefu, kama mtu anayepuliza chupa. Miti ya mirunda iliyoshikilia zege ililia kwa zamu, mmoja huku, mwingine kule. Mambo hayo yalikuwapo siku zote, ila sasa kila mtu aliyasikia.

"Mie nawaambia, hii nyumba inakula saruji," alisema Brightson, fundi wa lipu, huku akitazama nyuma yake. "Hamwezi kupoteza mifuko minane na kufuli limefungwa. Hiyo ni chuma ulete."

Chuma ulete! Hope alilijua neno hilo. Sokoni walisema kuna watu wanaovuta mali ya mwenzao kwa uchawi, bila kugusa mlango wala sanduku.

Jumatano mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na saa tisa alasiri anga ilikuwa nyeusi kama jioni. Mafundi walikuwa wamejikinga kwa mama lishe. Hope aliingia ndani ya nyumba kutafuta hotipoti, na kwenye ukumbi akaona nyayo.

Zilikuwa nyayo za vumbi la saruji, za kijivu, juu ya sakafu iliyolowa. Zilitoka upande wa stoo, zikakata ukumbi na kuingia chumba cha nyuma. Hope alizifuata. Chumbani zilikwenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta uliopigwa lipu wiki iliyopita, na hapo zikaisha. Unyayo wa mwisho ulikuwa umefifia, ncha yake ikielekea ukutani. Hakukuwa na nyayo za kurudi. Ni kana kwamba mtu alitembea, akaufikia ukuta, akaendelea.

Hope alirudi kinyumenyume hadi nje, na hotipoti aliisahau.

Kesho yake alijikaza. Alifika ukumbini akasimama kusikiliza. Mwanzoni alisikia upepo tu, kisha kutoka chumba cha nyuma akasikia sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini sana, ikinong'ona taratibu kama mtu anayesoma dua.

"Kumi na tisa... kumi na moja... nane... nane... nane..."

Hope alikimbia. Getini alimgonga Brightson kifuani.

"We mtoto, vipi? Umeona nini?"

"Kuna mtu ndani anahesabu! Ananong'ona!"

Brightson hakuthubutu kuingia kuangalia. Alimshika bega. "Sauti ya mzee?"

"Sijui. Ya mwanamume."

"Na ule ubani wa Mzee Fakihi jioni, huwa unausikia?"

"Nausikia," alijibu Hope. Alisema hilo tu, basi.

Ijumaa alipopandisha kilima hakukuta muhogo. Mzee Fakihi alikuwa amekaa kwenye ngazi akikunja mkeka wake. Kando yake kulikuwa na chetezo, birika na furushi la nguo.

"Babu, unakwenda wapi?"

"Nimeambiwa saa kumi na moja niwe nimeondoka. Wanasema umeniona nikinuiza ukutani." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma Hope zaidi. "Ubani nachoma kwa ajili ya mbu, mjukuu wangu. Hapa mbu wanabeba mtu. Nimelinda mali za watu miaka kumi na minane na sijaiba hata msumari. Sasa nikitoka na jina la mchawi, nani atanipa lindo? Na Brightson na wenzake wanasema nikichelewa watanisindikiza kwa mawe."

Hope hakuwa amesema kwamba amemwona Mzee Fakihi. Lakini tangu Brightson alipomuuliza habari za ubani alijua maneno yangefika wapi, na hakuyazuia.

Saa ilikuwa kumi na nusu. Hope alivuta pumzi akaingia ndani ya nyumba peke yake.

Nyayo zilikuwapo, mpya, zimeishia palepale. Mlio wa upepo ulipita juu ya kichwa chake na nywele zikamsimama, lakini safari hii alichuchumaa akazitazama kwa makini. Mzee Fakihi huvaa malapa. Hizi zilikuwa za buti zenye mistari minene, na kisigino cha kushoto kilikuwa kimemeguka pembeni. Hope alikijua kisigino hicho. Alikisugua kwa brashi kila Jumamosi.

Bado palibaki swali moja. Mbona mwenye buti hakurudi? Hope alikwenda stoo, akakanyaga vumbi la saruji mlangoni kwa viatu vyake vya shule, kisha akatembea. Hatua za kwanza zilikuwa za kijivu kabisa, zilizofuata zikafifia. Alipofika ukutani soli zake zilikuwa zimekwisha vumbi. Akageuka na kutoka, wala hakuacha alama yoyote nyuma yake. Basi aliyefika ukutani alirudi kama watu wote. Vumbi ndilo halikurudi.

Alipotoka nje, Elibariki alikuwa amesimama na mafundi wake. Brightson alishika kipande cha tofali mkononi.

"Baba, naomba tuongee pembeni."

"Hope, sasa hivi siyo muda wa..."

"Sasa hivi, baba. Tafadhali."

Alimvuta hadi nyuma ya rundo la kokoto, akamwambia kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Zile nyayo za chumbani ni za buti zako. Na sauti niliyoisikia ilikuwa yako."

Elibariki alizitazama buti zake kama anaziona kwa mara ya kwanza. Matone makubwa yakaanza kupiga mabati.

"Kabla ukuta ule haujapigwa lipu, nilikuwa naandika pale," alisema mwishowe. "Kilichoingia, kilichotoka. Brightson alipoufunika sikunakili popote, nikasema kichwa kitatosha. Sasa nakwenda kusimama pale kila siku, nanong'oneza hesabu labda nitakumbuka. Sikumbuki kitu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mwanangu? Mkandarasi mzima avunje ukuta wake mwenyewe kwa sababu amesahau? Wangenicheka Goba nzima."

"Na babu je?"

Elibariki alikwenda kwenye sanduku la vifaa, akachukua nyundo na tindo, akaingia ndani bila kumtazama mtu. Wote wakamfuata.

"Bosi! Lipu yangu hiyo!" alipiga kelele Brightson.

"Nitakulipa uipige tena."

Pigo la kwanza lilitoa chengachenga. La tatu liliangusha kipande kikubwa kama sinia, na vumbi likajaa chumba. Lilipotulia waliona wekundu ndani ya ukuta, mstari mmoja, kisha mwingine. Saidia fundi mmoja alirudi nyuma hadi mlangoni. Elibariki aliendelea kugonga, lipu ikidondoka miguuni pake, hadi maneno yakasomeka yenyewe, mekundu, kwa mwandiko wake:

*Imeingia 50.*

*3, kifuniko cha shimo la choo.*

*5, kaazima Augustine. Atarudisha.*

Tatu na tano ni nane, hata mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo.

"Kifuniko cha shimo..." Brightson alikuna kichwa. "Jamani. Si mie mwenyewe niliyekoroga lile zege?" Kipande cha tofali kilimponyoka, akakisukuma kando kwa mguu.

Elibariki alimpigia simu Augustine, mkandarasi mwenzake wa mtaa wa pili, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Eli, kaka yangu! Mifuko yako mitano ya saruji ipo hapa wiki ya pili sasa, inasubiri mtu wa kuichukua. Nikadhani umeamua kunipa zawadi!"

Wengine walicheka, Elibariki hakucheka. Alivua kofia yake, akatoka hadi kwenye ngazi alikokaa mlinzi na furushi lake, akainama mbele ya watu wote.

"Mzee wangu, nimekukosea. Nilijua huenda kosa ni langu nikaona aibu kulisema, nikaacha wewe ubebe. Nisamehe."

"Na mimi, babu," alisema Hope huku machozi yakimtoka. "Niliwaacha wafikiri ni wewe."

Mzee Fakihi alimtazama Elibariki, kisha Hope, kisha akamtazama Brightson mpaka Brightson naye akasema pole.

"Nimesamehe," alisema. "Lakini sikunjui mkeka huu kwa maneno matupu. Nataka daftari. Kila mfuko unaoingia uandikwe, kila unaotoka uandikwe, na anayeutoa aweke saini mbele yangu."

"Hata mimi?" aliuliza Elibariki.

"Wewe ndiye wa kwanza."

Jioni hiyo Mama Hope, Benedicta, aliisikiliza habari yote mezani bila kukatisha. Alikuwa mtunza dawa wa zahanati, na kwake kidonge kimoja hakikutoka bila kuandikwa. Alikwenda chumbani akarudi na kaunta buku mpya, akapiga mistari mitatu kwa rula.

"Kilichoingia. Kilichotoka. Kilichobaki," alisema. "Na hapa pembeni tarehe na jina la aliyechukua. Unaandika palepale, kabla hujafunga mlango wa stoo. Usiseme jioni, na usiseme kesho."

"Hope ana mwandiko mzuri," alisema Elibariki kwa unyonge. "Ataniandikia."

"Hope ana masomo yake. Kazi ni yako, kalamu ni yako."

Elibariki aliivuta kaunta buku, akaanza kuandika polepole. Mama akamgeukia binti yake.

"Nawe usikie. Leo mwenye makosa hakuwa mwizi wala mchawi. Baba yako alisahau, na kusahau siyo dhambi, kila kichwa kinasahau. Dhambi ni kuona aibu kusema 'nimesahau' mpaka mtu asiye na hatia akakaribia kupigwa mawe. Wewe nawe ulisikia sauti ndani ya nyumba ukaacha watu waipe jina. Ukisikia kitu, kachunguze kwanza kama ulivyofanya leo. Asiyeandika husahau, na aliyesahau hutafuta mchawi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Baba Hope, na wewe?"

"Nimeelewa," alijibu Elibariki bila kuinua kichwa. "Subiri kwanza, naandika."