Sauti ya Brian Niliifuta kwa Mkono Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, naishi mtaa wa Huruma, na kazi yangu ni kuhariri video za harusi na matanga. Nayaandika haya bila machozi. Labda yaliisha... sijui.

Jirani yangu, Mama Brian, alifiwa na mwanawe wa pekee. Kabla ya kuaga, Brian alimrekodia mama yake ujumbe kwenye simu, akiwa wodini. Lakini nje ya dirisha jenereta ilikuwa ikinguruma, na mama hakuambulia neno. Akaniletea simu.

"Nisafishie tu, mami, nisikie ananiambia nini."

Nilihamisha sauti ile kwenye kompyuta yangu. Na kwa kuwa simu yake ilikuwa imejaa, nikaifuta kule! Nikamwambia asijali, iko salama kwangu.

Programu ya kusafisha sauti sikuwa nayo. Mchumba wangu Kevo, fundi wa kompyuta, alinitumia moja ya bure, iliyovunjwa kufuli la leseni. Nilimuuliza kama ni salama.

"Weka tu, babe. Iko fiti. Hata mimi natumia."

Ningemshuku vipi mtu aliyekwisha kupeleka wazee kwetu? Programu ikadai kupakua nyingine ndogo ndogo inazozitegemea. Nikakubali zote bila kusoma hata jina. Kinga ya virusi ikalalamika... nikaizima! Masharti ya leseni niliyapita mbio. Nani huyasoma?

Asubuhi iliyofuata hakuna faili lililofunguka; kirusi kilichokuja na programu ile kilikuwa kimeyafunga yote. Diski ya akiba nayo nilikuwa nimeiacha imechomekwa, ikafungwa pia. Fundi niliyempelekea alitikisa kichwa tu.

Nilimpigia Kevo. Akasema, "Si ati niliijaribu... nilitumiwa kwa grupu. Wasee walisema iko sawa."

Wasee gani, watu gani hao? Hakujua. Hata yeye hakuwahi kuifungua! Nilikata simu na kurudisha pete yake. Sikuhisi chochote. Nilisonga ugali, nikala.

Kisha nikabisha kwa Mama Brian na kumweleza. Hakupiga nduru. Alikaa kitandani akinitazama.

"Sawa, mami. Lakini wewe uliisikiliza. Angalau niambie alisema nini."

Ndugu zangu, ni kweli niliisikiliza! Usiku ule, kwa visikizi masikioni, tena na tena, nikitafuta jenereta inapopanda na inapotulia. Maneno mengine yalisikika kabisa, lakini mimi nilikuwa nikiwinda kelele.

Nawasihi, msiweke programu kwa sababu mpenzi au grupu imesema ni sawa. Ulizeni imetoka wapi, leseni yake inaruhusu nini, inaleta nini kingine nyuma yake. Kinga ikilalamika, isikilizeni. Na cha mtu msikifute kwake, hata kama mna nakala.

Mama Brian bado ananingoja nikumbuke. Kila tukikutana ananiuliza kwa upole, hata neno moja tu... nami sina.