Nani Kakwambia Unijazie?

Ofisi za umma zina ugonjwa mmoja: kila mwaka zinaongeza viti vya kusubiria badala ya kupunguza kusubiri. Jumatatu ile ukumbi ulifurika tangu saa mbili asubuhi. Watoto wanalia, feni inazunguka kwa kujilazimisha, na juu ya madirisha ya wahudumu pametundikwa kioo kikubwa kinachoonyesha namba ya anayeitwa. Kinaonyesha tu, hakisemi. Aliyekinunua bila shaka alikuwa na macho yake mawili na haraka zake.

Karibu na kioo alikaa dada wa miaka thelathini na moja, gauni la bluu iliyoiva, raba nyeupe pee, fimbo nyeupe imekunjwa mapajani. Hakuwahi kuona tangu utotoni. Hospitalini alikofanya kazi ya kupokea simu walimwita Sauti, na jina likamganda hadi nyumbani. Namba yake ilikuwa sitini na mbili. Ilishatokea kwenye kioo na kupita, naye hana habari.

"Dada, wewe namba ngapi?" aliuliza mwanamume aliyekuwa juu ya ngazi, akihangaika na waya za kioo kile.

Akamwambia. Yule bwana akashuka. Alivaa shati la mistari lililopigwa pasi kifuani tu. Mgongoni lilikuwa makunyanzi matupu. Ofisini walimwita Fundi, maana chochote chenye waya kikiharibika alikuwa anaitwa yeye, ingawa kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza kurasa za tovuti ya ofisi. Alimuuliza kama angependa kushika mkono wake, akamfikisha dirishani, akabishana na watu watatu waliodai wametangulia.

Yote hayo kazi bure. Mhudumu alisema nafasi za mafunzo aliyoyafuata zinaombwa kwenye tovuti tu, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Sauti akaeleza kwamba amejaribu siku nne. Simu yake humsomea kila kilichoandikwa, lakini mwisho wa fomu kuna picha ya herufi zilizopindapinda, ukishindwa kuziandika hupiti, na picha haisomeki. Mhudumu akamjibu, bila ubaya wowote, na hilo ndilo linalokera zaidi, aje na mtu wa kumjazia.

Fundi alimsindikiza hadi mlangoni. Masikio yalikuwa yanamwaka.

"Huyo aliyetengeneza ile fomu," Sauti alisema akifungua fimbo yake, "siku nikimpata nitamfungia kwenye chumba chenye giza, nimpe fomu ajaze."

Wanaume wengi wangenyamaza hapo. Fundi akasema, "Ni mimi."

"Pole sana," alisema Sauti. Kisha midomo ikamcheza. "Basi nipe namba yako ya simu. Nimeshachoka kutukana mtu nisiyemjua."

Alimpigia jioni ile ile, na matusi yenyewe hayakufika mbali. Wote wawili walikuwa watu wa maneno, na mazungumzo ya dakika tano yakawa ya saa nzima. Sauti alimweleza jinsi ya kuipima fomu yake kwa haki: azime kioo cha kompyuta, aweke kipanya kabatini, abaki na vitufe vya kuandikia na sauti inayosoma. Kesho yake Fundi akajaribu. Ukurasa alioutengeneza kwa mikono yake ulimzungusha nusu saa akatoka jasho, asijue yuko kwenye jina au kwenye tarehe ya kuzaliwa.

"Nimepotea nyumbani kwangu," alimwambia kwenye simu.

"Karibu, mpenzi. Sisi wengine tumepotea humo tangu wiki iliyopita."

Neno mpenzi lilimtoka kwa utani. Fundi hakulichukua kwa utani hata kidogo. Jumatano walikutana bustanini nyuma ya hospitali wakati wa chakula cha mchana, yeye kajipulizia manukato hadi Sauti akamuuliza kama amekuja na duka zima. Hapo ndipo alipomweleza kwa nini fomu ile inamnyima usingizi. Kwa miaka tisa amepokea simu za watu wanaolia, akiwaambia subiri kidogo, akiwaunganisha na mtu mwingine. Anataka yeye ndiye awe yule mtu mwingine. Mafunzo ni ya ushauri nasaha, miaka miwili, na nafasi hutolewa mara moja kwa mwaka. Mwaka jana kaka yake alimjazia. Kwa mapenzi tele, penye swali la hali yake akaandika kwamba dada yake huhitaji kusaidiwa kila jambo. Hakuitwa hata kwenye usaili.

"Nampenda kaka yangu," alisema. "Lakini mwaka huu wasome maneno yangu. Wakinikataa, wanikatae mimi, si yeye."

Fundi akaahidi kuiondoa ile picha. Alirekebisha kila swali lisomeke, kisha Alhamisi asubuhi akapeleka kazi kwa Mkuu wa kitengo, kwa sababu bila idhini yake hakuna kinachobadilika kwenye tovuti. Mkuu akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kijana una moyo mzuri, kijana utafika mbali. Halafu akauliza watu wa namna hiyo ni wangapi, akasema siku moja kabla ya kufunga haguswi mtu wala kitu, suala hilo litaingia kwenye mpango wa mwaka ujao. Fundi alitoka pale akitamani kupiga ukuta teke.

Na hapa ndipo alipokosea, tena kosa la mtu anayependa. Alikuwa na maelezo ya Sauti yote, maana alimpa ili wapimie fomu. Alikaa kwenye meza yake, akaingia, akajaza, akaziona zile herufi kwa macho yake mazuri, akatuma. Akashusha pumzi, akajiona shujaa.

Sauti alikuwa kazini simu ilipomsomea ujumbe: ombi lako limepokelewa, kulifuta, jibu kwa neno FUTA. Hakuwa ametuma kitu. Akampigia.

"Umenijazia?"

"Muda ulikuwa unakwisha, mrembo wangu. Nimeandika vizuri, nimekusifu sana."

"Umenisifu. Nani kakwambia unijazie? Kaka yangu hakujua. Wewe nilikuambia. Nimekaa na wewe kwenye benchi nikakufungulia kifua changu, halafu umekwenda kufanya kile kile."

"Ungekosa nafasi."

"Ningeikosa mimi."

Akakata simu. Akajibu ule ujumbe kwa neno moja: FUTA. Kisha akaingia chooni akalia kwa hasira, akanawa uso, akarudi kupokea simu za watu. Nafasi ya mwaka mzima ameitupa kwa mkono wake, na wenzake waliposikia walimwona kichaa. Mimi simwoni kichaa. Lakini iliuma.

Fundi hakula siku ile. Alimpigia mara saba asipokelewe, na ya saba ndipo akaelewa kwamba kupigapiga simu nako ni kumlazimisha mtu. Akaacha. Ijumaa saa nane mchana, bila idhini ya yeyote, aliiondoa ile picha, akaweka kazi yake mpya hewani. Akamtumia ujumbe: njia iko wazi, mimi nimeshatoka mlangoni.

Saa tisa na nusu simu yake ikalia.

"Sijakusamehe," alisema Sauti. "Nimeshajaza. Nimefika mwisho, nasikia 'kitufe', nikisogea nasikia 'kitufe' tena. Hivi viwili ni nini?"

Fundi alikumbuka maswali yote, akasahau vitufe. Kwa macho yake kimoja kilikuwa kijani na kingine chekundu, basi akaona vinajieleza. Cha kijani kilituma. Chekundu kilifuta kila kitu.

"Nikuambie kipi ni kipi?"

"Hapana. Viambie vyenyewe viseme. Yuko mwingine saa hizi anavisikia na hana namba yako."

Akakimbilia meza yake. Mkuu alikuwa amesimama pale pale, uso umemvimba, akiuliza nani kagusa tovuti. Fundi akamwomba radhi, akaketi, akaandika huku anafokewa. Sauti alisikia yote upande wa pili: mngurumo wa Mkuu, vitufe vinavyogongwa, na pumzi za mtu aliyeogopa lakini haachi. Saa kumi kasoro dakika sita kitufe cha kwanza kilimwambia Sauti: tuma ombi. Akatuma.

Jumatatu Fundi alipewa barua ya kusimamishwa kazi miezi mitatu. Fomu haikurudishwa ilivyokuwa. Mkuu alikwenda kikaoni akaieleza kama wazo lake, akapigiwa makofi. Ndivyo mambo yalivyo.

Wiki ya tatu Sauti aliitwa kwenye usaili. Alipotoka, gauni jeupe na mkufu wa shanga ndogo, Fundi alikuwa chini ya ngazi za jengo. Alimwuliza imekuwaje. Akasema hajui, wameuliza mengi, kayajibu yote mwenyewe, majibu ni baada ya mwezi. Walitembea pole pole hadi ukuta wa jengo ukaisha.

"Nina neno," Fundi alisema. "Sijalipeleka kwa kaka yako, wala kwa mama yako. Sina hata kazi ya maana sasa hivi. Ninataka kukuoa. Ninakuuliza wewe."

Sauti alisimama. Alikaa kimya muda mrefu, Fundi akashikwa na hamu ya kuongeza maneno, ya kujitetea, ya kumrahisishia. Akajizuia. Akasubiri, mikono mifukoni, jasho likimtoka mchana kweupe.

"Ndiyo," alisema Sauti. "Na kaka yangu nitamwambia mimi."