Nilimpa Nafula Sufuri Nikijua Amepata

Nina umri wa miaka arobaini na saba na ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya wasichana upande wa Bahati. Wasomaji wenzangu, sisimulii haya ili mnihurumie. Sijui hata kama ninajihurumia mwenyewe...

Nilipofika hapa, wasichana waliogopa hesabu kama ugonjwa. Nikaanzisha mashindano ya kila Ijumaa. Niliandika fumbo moja ubaoni, na aliyelifumbua alisimama mbele kuwaeleza wenzake. Walianza watano. Baada ya mwaka mmoja viti havikutosha! Walibishana juu ya pembe na sehemu hadi kwenye foleni ya chakula.

Kati yao walikuwa binti yangu wa pekee, Wairimu, na rafiki yake Nafula, ambaye baba yake alitunza bustani katika nyumba moja kule Milimani. Wairimu alikuwa na bidii. Nafula alikuwa na kipaji. Nililiona hilo, na liliniuma. Kwa nini mtoto wangu asome mpaka macho yawe mekundu, na huyu aangalie swali mara moja tu na kucheka?

Walipokuwa kidato cha tatu, shule ilipewa nafasi moja kwenye mashindano makubwa ya hesabu mjini Nakuru. Nikatunga mtihani wa kuchagua. Nikausahihisha peke yangu.

Swali la mwisho lilikuwa hivi: timu thelathini na mbili zinacheza, inayoshindwa inatoka. Zitachezwa mechi ngapi mpaka bingwa apatikane? Wairimu alijumlisha raundi kwa raundi, kama nilivyowafundisha: kumi na sita, nane, nne, mbili, moja. Akapata thelathini na moja.

Nafula aliandika mstari mmoja. "Kila mechi inatoa timu moja. Lazima zitoke thelathini na moja, kwa hivyo mechi ni thelathini na moja."

Niliusoma mara mbili. Ulikuwa sahihi. Ulikuwa mzuri kuliko njia yangu mimi mwalimu! Nilijua pia kwamba nikimpa alama zake kumi, ndiye atakayekwenda.

Nikachora sufuri. Nikageukia karatasi iliyofuata.

Nafula alinifuata ofisini na karatasi yake.

"Madam, naomba unionyeshe mahali nimekosea."

"Hujaonyesha kazi," nikamwambia bila kumtazama. "Hesabu si kubahatisha."

"Lakini Madam, jibu si ni..."

"Nafula, rudi darasani."

Alikunja karatasi yake, akatoka. Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Nikajiambia ni hasira za kitoto, zitaisha... Mwisho wa muhula akahamia Kakamega kwa nyanya yake. Baba yake alisema msichana amekataa kabisa kurudi.

Mashindano ya Nakuru yalifanyika mara tu baada ya likizo, na Wairimu ndiye aliyekwenda. Swali moja lilihusu wachezaji mia moja thelathini na saba wa drafti, anayeshindwa anatoka. Idadi hiyo haigawanyiki vizuri, kwa hivyo watoto wengi walipotelea kwenye raundi. Wairimu alijibu kwa mstari mmoja. Jaji aliusoma kwa sauti mbele ya ukumbi mzima, watu wakapiga makofi. Mimi pia nilikuwa nimesimama nikipiga makofi... mpaka nilipotambua kwamba maneno yenyewe yalikuwa ya Nafula.

Wairimu alipokea cheti bila kutabasamu. Tulipofika nje, akasimama.

"Nilikwama, nikakumbuka njia ya Nafula, ile aliyonionyesha kwenye karatasi yake. Nikasema wacha nijaribu tu. Sasa niambie, kwa nini wewe uliikata?"

"Sikuielewa vizuri wakati ule, mtoto wangu."

"Uliielewa, Madam."

Madam! Hakuwa amewahi kuniita hivyo nje ya shule. Mpaka leo hajaniita jina lingine.

Jumatatu alikiweka cheti kwenye meza ya mwalimu mkuu na kueleza kila kitu. Nilipoitwa sikukana. Nilipewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye mashindano ya Ijumaa. Hakuna mwalimu aliyetaka kuyachukua, yakafa. Siku hizi chumba kile tulichoyafanyia kina madawati yaliyovunjika. Wairimu aliomba kwenda kuishi na shosho, yaani nyanya yake, huko Dundori, na baba yake akakubali. Nilimfungia nguo zake mimi mwenyewe. Sikulia. Nilichemsha chai, ikapoa mezani, nikaimwaga.

Baadaye nilimpigia simu Nafula. Nilimwambia ukweli wote, nikamwomba msamaha.

"Nilikuwa najua niko sawa," akasema. "Lakini ni wewe ulisema sivyo, Madam. Nikaona basi kichwa changu ndicho kibaya. Niliacha kukiamini."

Alisema amenisamehe. Nikamuuliza kama bado anapenda hesabu. Akasema anazifanya kwa sababu ni lazima, kisha akaniaga kwa heshima.

Bado ninafundisha. Ninaingia darasani, ninaandika, ninafuta. Wasichana wananakili bila kuuliza chochote, nami siwalaumu.

Mwalimu mwenzangu, mzazi mwenzangu, nakusihi! Mtoto wako akiwa kwenye orodha ya wanaopimwa, toka kwenye chumba cha kusahihishia. Mpe mtu mwingine karatasi azisahihishe. Mtoto akishindwa kwa haki ataumia wiki moja, halafu atakurudia na swali lingine.

Wangu haniulizi tena.