Viungo vya Ukumbi wa Shella

Kadzo na Kioko walikutana dukani mjini Malindi, wote wakitaka pakiti moja ya boliti nene iliyosalia. Kadzo, mhandisi mzaliwa wa Magarini, alivaa dera la samawati na viatu vya kazi vilivyojaa vumbi. Kioko, mhandisi kutoka Machakos aliyekuwa akijenga ukumbi wa harusi mtaa wa Shella papo hapo mjini, alimwachia boliti, akaomba namba ya simu.

Mapenzi yakakolea. Kisha mwenye ukumbi akamwajiri Kadzo aukague mchoro wa Kioko. Kadzo akapiga hesabu. Pale boriti za chuma zilipofungwa kwenye nguzo kwa boliti, viungo visingevunjika, ila vingelegea na kujipinda hadi sakafu ya juu ibonyee. Aliyasema hayo kwenye kikao cha mwenye ukumbi na wajenzi, na Kioko akayasikia hapo kwa mara ya kwanza pamoja na wengine. Kazi ikasimama. Kioko akaenda kutafuta nyingine Lodwar, asiage.

Kadzo akakosa raha. Jioni alipita Shella kuzitazama nguzo zile, manukato ya Kioko yangali kwenye mtandio wake. Simu ikilia, aliikimbilia. Akisikia sauti ngeni, alinyong'onyea.

Mwishowe aliunda kiungo kama vile vya Kioko, akakipeleka maabara kikakandamizwa na mashine. Kilijipinda, lakini nusu tu ya alivyotabiri. Hesabu yake ilikuwa kali mno. Akarudi kikaoni, akawaambia watu wale wale kwamba mchoro ulifaa. Kisha akapiga simu Lodwar.

"Hukuwa na haja ya kunisafisha mbele ya watu," Kioko alisema.

"Si ndiko nilikokuchafulia jina, mpenzi?"

"Kupoteza kazi hakukuniuma, Kadzo. Usiku wa kuamkia kikao tulikula pamoja, na hukunidokezea."

"Niliogopa utanibembeleza, nami nikubali."

Kioko akacheka kidogo. Alimweleza kuwa mkataba wa Lodwar ulimfunga hadi mwakani.

"Basi njoo hata kwa siku moja," Kadzo akasema.

Akaja. Walikula mahamri kwa mbaazi barazani, wakachekana walivyokonda. Kioko akamposa, na Kadzo akaitikia kabla hajamaliza kusema. Kulipokucha Kadzo akamsindikiza hadi kituo cha basi, arudi Lodwar. Basi lilipokata kona, Kadzo alibaki amesimama, akiupangusa uso kwa mtandio, hataki kurudi nyumbani.