Mwari wa Mtaa wa Mchikichi

Alhamisi ile Fakhriya aliamka mwili umepoa. Kwa mwanamke mwingine hiyo si habari, ila yeye kwa miaka miwili alikuwa akilowa jasho mbele ya feni, akilia bila sababu na kugombana na wateja. Nesi Blandina wa zahanati ya jirani alimwambia hedhi inamuaga, avumilie. Sasa ghafla, baridi! Akateremka dukani, chini ya nyumba yao, akafungua milango huku anaimba.

Aliuza udi na marashi, na pua ndiyo iliyomlisha. Harufu moja tu ilimshinda kuijua: kama udi uliozimwa kwa maji machafu. Ilianza kumfuata siku alipovunja ungo, na kila ilipokuja, roho yake ilizama. Mama yake, Bi Sitara, alikuwa na jibu kwa kila umri. Fakhriya mwari analia usiku kucha: ni usichana. Kajifungua, anamtazama mwanawe na kutamani asingezaliwa: ni uzazi. Mume kachoka, kaondoka: ni hasira zako. Miaka hamsini, jasho na machozi: ni utu uzima. Fakhriya aliamini yote. Nani asiyemwamini mama yake?

Adhuhuri akapanda juu kupika. Ukumbini akainusa. Ile ile. Lakini safari hii haikutoka kwake, ilitoka chini ya mlango wa chumba cha ndani.

Humo alikuwemo Dalia, bintiye wa pekee, aliyevunja ungo siku sita zilizopita. Kwao mwari hufundwa na bibi kwa siku saba, na mama mzazi haingii wala haulizi. Ni heshima.

Akatega sikio. Bi Sitara alikuwa ananong'ona, na mtu mwingine akamjibu, sauti nzito yenye kukwaruza, sauti ya kiume katika nyumba isiyokuwa na mwanamume miaka kumi, na kadiri Fakhriya alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kuitambua, kwani ndiyo iliyokuwa ikimnong'oneza kila alipougua kwamba yeye si mke, si mama, si mtu, naye siku zote akidhani ni mawazo yake mwenyewe. Akausukuma mlango.

Dalia alikuwa amekaa mkekani, kajitanda kanga. Mbele yake sinia ya mayai mabichi, halua na mrashi wa maji ya waridi. Feni ilizunguka, lakini jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Mama, umefanya nini?" Fakhriya alimaka.

"Teremsha sauti," alisema Bi Sitara. "Bwana anakula."

"Bwana gani?"

"Wangu. Wako. Wa mama yangu kabla yetu. Anakaa na damu, mwanangu. Yako imekatika, angebaki angekuua. Ilibidi apewe kiti kingine, mwili wenye damu."

Fakhriya akashika ukuta. "Miaka yote hii nimejiona mbaya. Nimemeza vidonge, nimeachwa, nimemchukia mwanangu mchanga. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilitaka uishi."

"Umenisaliti, mama! Sasa mwanangu je?"

Bi Sitara akainamia sinia. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Hawasemi ufanyeje nguo yenyewe ikiwa ni mama yako.

Fakhriya akapiga magoti mbele ya binti yake. "Rudi kwangu," akamwambia yule asiyeonekana. "Mtoto huyu ana miaka kumi na miwili. Mwache, nichukue mimi." Akasubiri lile joto alilolilaani miaka miwili, akaliomba, akalililia. Halikuja. Hata nyayo zake zilikuwa za baridi.

"Mama," alisema Dalia, kwa sauti yake mwenyewe, ya upole. "Siku ya kwanza nilikuita mara tatu."

Fakhriya hakuweza kukana. Alikuwa amesikia. Alisimama nje, mkono kwenye kitasa, kisha akaikumbuka desturi, akarudi kuuza udi.

"Nilikusikia, mwanangu. Nilidhani bibi..."

"Aliyeitika ni Bwana."

Dalia akachukua yai, akalipasua kwa meno, ute ukamchuruzika shingoni.

"Toka, mama," akasema kwa adabu, "na ufunge mlango. Hapendi wageni."