Waya Uliomkera Bi Subira

Bi Subira hakupenda kuona kitu kikining'inia. Kanga iliyoanikwa vibaya ilimkera. Pazia lililoshuka upande mmoja lilimkera. Kila asubuhi alifika katika kliniki ya mwanawe, nje kidogo ya Msambweni, akapita chumba baada ya chumba akikunja hiki na kunyoosha kile. Wafanyakazi walimtania kwamba hata paka akipita na mkia wake, Bi Subira ataukunja.

Kliniki ilikuwa ya familia. Mwanawe Sefu ndiye aliyekuwa daktari. Twaiba, mke wa Sefu, alikuwa mkunga. Rai, mama wa watoto wawili, alikaa mapokezi. Na Bi Subira, aliyekataa katakata kukaa nyumbani kulinda kuku, alikuwa mkuu wa usafi. Cheo hicho alijipa mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumvua.

Chumba cha kujifungulia kilikuwa nyuma, ng'ambo ya ua. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Masika yaliyopita mtoto alizaliwa kimya, hakulia. Twaiba alimwita Sefu kwa sauti yake yote, lakini mvua ilikuwa ikipiga mabati na Sefu hakusikia neno. Twaiba alikuwa na simu ya mkononi mfukoni, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa kazini, ikimsaidia mtoto kupumua. Bi Subira ndiye aliyevuka ua mbio. Aliteleza kwenye tope, akainuka na goti linalotoka damu, akamfikia mwanawe. Mtoto yule alipona, lakini ilikuwa nusura wampoteze.

Tangu siku ile Bi Subira hakumpa Sefu raha.

"Chumba kile chataka simu yake," alisema wakinywa chai. "Simu ya mezani. Ibonyezwe mara moja, nawe usikie uliko."

"Nimesikia, mama."

"Kusikia si kutenda, mwanangu. Masika yarudi."

Mwishowe Sefu alimwita Kavata, fundi wa mitandao na simu za ofisi kutoka Ukunda. Kavata alipitisha nyaya ukutani, akaweka simu nne: mapokezi, chumba cha daktari, duka la dawa na chumba cha kujifungulia. Kila simu ikapewa namba yake fupi. Bi Subira alizifuta vumbi kila siku kwa kitambaa chake maalumu. Ole wake mtu aliyeweka kikombe karibu nazo!

Simu zilifanya kazi vizuri sana. Kisha, asubuhi moja, Bi Subira aliingia kufagia chumba kidogo cha vifaa nyuma ya mapokezi. Ukutani kulikuwa na kisanduku chenye matundu mengi na taa ndogo za kijani. Nyaya zote za simu na kompyuta ziliingia humo. Lakini waya mmoja ulikuwa umechomekwa upande mmoja tu. Ncha yake ya pili ilining'inia hadi sakafuni, na ufagio ukaunasa.

"Hebu mtazame fundi huyu," alinung'unika. "Kazi nzuri hivi, kisha aacha mkia!"

Akaukunja waya taratibu. Akaona tundu moja tupu kwenye kile kisanduku. Akaichomeka ncha humo. Ikaingia sawasawa, ikalia tak! Bi Subira akatabasamu, akafunga mlango, akaenda kunywa uji wake.

Hakuwa ameumaliza uji alipomsikia Twaiba akiita kutoka ng'ambo ya ua.

"Rai! Mbona simu haiiti?"

Rai aliinua ya kwake. Kimya. Ya duka la dawa, kimya. Kompyuta nayo ikagoma kufungua majina ya wagonjwa. Sefu alizima umeme wa kile kisanduku akauwasha tena. Simu zikaamka kidogo, kisha zikafa vilevile.

Bi Subira alichemka. Alimgeukia Rai mbele ya wagonjwa.

"Ni wewe na hizo video zako! Washinda ukitazama watu wakicheza, mpaka umezichosha simu!"

"Wallahi, mama, leo sijatazama chochote," Rai alisema. Macho yalimjaa machozi.

Sefu alijishika kiuno. "Nimechoka na vyombo hivi. Fundi ataniambia tatizo ni nini, lakini ikiwa vitatusumbua hivi, bora avichukue. Tutapigiana kelele kama zamani."

Kwenye benchi la wagonjwa alikuwa ameketi Biasha, mke wa Chirau, mimba yake imekaribia. Nje, mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya. Bi Subira alitazama mawingu, akamtazama Biasha, akalikumbuka lile tope la uani.

Kavata, aliyepigiwa kwa simu ya mkononi, alifika siku hiyo hiyo kwa bodaboda, begi mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Twakufa huku!"

"Hakuna kufa, mama. Wacha nicheki."

Alifungua chumba cha vifaa, na Bi Subira akamfuata nyuma. Kavata hakugusa kitu kwanza. Alitazama taa tu. Zilikuwa zikimetameta zote kwa pamoja, haraka haraka, bila kupumzika.

"Mama, ziangalie hizi taa," alisema. "Hiki kisanduku tunakiita swichi. Si ile ya kuwasha taa, ni jina tu linafanana. Kazi yake ni kupokea ujumbe kwa waya mmoja na kuupeleka kwa waya mwingine. Mtu akiongea, taa yake inameta. Sasa leo hakuna mtu anaongea, na zote zinameta. Unaona si kawaida?"

"Si kawaida," Bi Subira alikubali.

"Kuna ujumbe unajizungusha humu ndani. Unatoka tundu hili, unarudi kwa lile, unatoka tena, na kila ukizunguka unazaa mwingine. Ni kama uvumi wa harusini. Unaanza kwa mtu mmoja, unamrudia yeye mwenyewe, naye anausambaza tena. Mwisho hakuna anayesikia la maana."

"Na nini kinaufanya uzunguke?"

"Mara nyingi ni waya mmoja uliochomekwa ncha zote mbili kwa swichi moja."

Bi Subira alihisi masikio yakimwaka moto. Kavata alikuwa bado anafuata nyaya kwa kidole, mmoja mmoja. Bi Subira angeweza kunyamaza. Lakini kupitia mlangoni alimwona Rai, kainama mezani, anajifuta macho kwa pembe ya leso.

"Ni huu," alisema, akauonyesha. "Nimeuchomeka mimi. Ulikuwa waning'inia, na mimi sipendi kitu kining'inie."

Kavata aliuchomoa. Zile taa zikatulia, moja ikimeta hapa, nyingine pale. Punde simu ya mapokezi ikalia, kriii! Ilikuwa ni Twaiba, akijaribu tu.

Bi Subira hakungoja kuambiwa. Alikwenda moja kwa moja mpaka mapokezi, akasimama mbele ya wagonjwa wale wale waliosikia maneno yake ya asubuhi.

"Rai, mwanangu, niwie radhi. Nimekusingizia. Aliyeziua simu ni mimi kwa mikono yangu, wala si wewe."

Rai alimtazama, kisha akacheka huku machozi yangali yakimtoka. "Yamekwisha, mama. Lakini leo uji wangu utaupika wewe."

"Nitaupika, na nazi nitatia!"

Kavata naye hakujitoa lawamani. "Kosa langu pia lipo," aliwaambia wote. "Ule waya niliuacha kwa ajili ya kompyuta ya daktari inayokuja, na sikumwambia mtu. Tena niliondoka bila kuwafundisha. Vyombo vya ofisi si vya fundi peke yake. Mwenye nyumba lazima avijue."

Akaketi na kompyuta yake, nao wakamzunguka. Kila alichofanya alikieleza. Kwanza aliiamuru swichi ijilinde: ikiona waya umeirudia yenyewe, ilifunge tundu lile peke yake na kuyaacha mengine yafanye kazi. Kisha akabadilisha neno la siri la kuifungulia swichi.

"Neno la siri la kiwandani linajulikana na kila fundi mjini," alisema. "Lazima muwe na lenu. Refu, na lisiwe jina la daktari."

Halafu alitenganisha njia. Sauti za simu zikapewa njia yake, na kompyuta na simu za wageni zikapewa njia nyingine.

"Video za Rai haziwezi kuua simu zote," alisema, na watu wakacheka. "Lakini mtandao ukijaa, sauti inakatika katikati ya maneno. Sasa hata watu watazame mpira mchana kutwa, simu ya mkunga itapita mbele."

"Na waya wenyewe?" Bi Subira aliuliza. "Utaendelea kuning'inia?"

Kavata alitoa vibandiko. Wakabandika jina kwenye ncha zote mbili za kila waya: Daktari, Dawa, Mapokezi, Uzazi. Ule wa ziada wakauchomoa kabisa, wakaukunja, wakauweka kabatini. Bi Subira akapumua.

Mwisho Kavata aliweka kitufe chekundu kwenye simu ya chumba cha kujifungulia. Ukikibonyeza, hakuna anayehitaji kuinua simu. Sauti ya mkunga inatoka yenyewe katika simu zote za kliniki.

"Mama," alisema akimgeukia Bi Subira, "wewe ndiwe unayeamka mapema. Kila asubuhi ipigie kila simu. Ukikuta moja iko kimya, tazama kioo chake. Kikiwa giza, haipati umeme, kwa sababu umeme wake unapitia waya ule ule. Fuata waya mpaka mwisho."

Kuanzia hapo Bi Subira alikuwa na kazi mpya, na aliipenda kupita ufagio. Kila asubuhi alikaa kitini pa Rai kama mwenyewe.

"Haloo, dawa! Wanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Basi sema kwa nguvu, hujala?"

Masika yakaingia kwa kishindo. Asubuhi moja, baada ya usiku wa mvua, Bi Subira alipigia chumba cha kujifungulia. Hakuna mlio. Alivuka ua chini ya mwavuli. Kioo cha simu kilikuwa giza. Alishika waya kwenye simu, nao ulikuwa umekaza. Akaufuata ukutani mpaka chini ya meza. Pale kwenye tundu la ukutani ulikuwa umelegea. Mtu aliyepiga deki jana aliusukuma kwa kitambaa. Akaukandamiza, tak! Kioo kikawaka taratibu. Akangoja mpaka namba ikaonekana, akapigia mapokezi.

"Rai, wanisikia?"

"Nakusikia vizuri!"

"Sasa waweza kukaa kitini pako."

Mchana wa siku hiyo Chirau alimleta Biasha, uchungu umeshika. Mvua ilikuwa ikimwagika, na mabati yalilia hata watu wa mapokezi wakaongea kwa ishara. Bi Subira alisimama karibu na meza ya Rai. Chirau alikuwa kando yake, hajui aikunje mikono au aikunjue.

Ghafla simu zote zikasema kwa pamoja.

"Sefu! Njoo! Mtoto halii!"

Ilikuwa sauti ya Twaiba, wazi, juu ya mvua yote. Mlango wa daktari ukafunguka kwa nguvu. Sefu akapita mbio na mfuko wake wa vifaa, akavuka ua kabla mtu hajaweza kumwita. Chirau alitaka kumfuata, Bi Subira akamshika mkono.

"Ngoja, mwanangu. Amekwisha fika. Ngoja nami."

Twaiba hakuwa na mkono wa kuzima kile kitufe. Simu ya mapokezi ikaendelea kusema. Walisikia hatua za Sefu zikiingia. Walimsikia akisema, "Mpe hewa, polepole." Kisha hawakusikia neno tena. Benchi zima la wagonjwa liliikodolea macho ile simu. Rai alishika kitambaa cha Bi Subira cha kufutia vumbi, akakiuma kwa meno.

Kisha simu ikakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu. Halafu ikalia.

Ililia mapokezi. Ililia duka la dawa. Ililia katika chumba kitupu cha daktari. Kilio cha mtoto wa Biasha kikatoka katika kila simu ya kliniki, kikali, cha hasira, cha mtu aliyekuja kukaa. Chirau akaketi sakafuni pale pale, akalia na mwanawe. Wanawake wa benchini wakapiga vigelegele, na muuza dawa akatoka dirishani mwake akipiga makofi.

"Alhamdulillahi!" Bi Subira alisema, machozi yakimshuka waziwazi. "Alhamdulillahi!"

"Mama, nimzime?" Rai aliuliza, kidole juu ya simu.

"Mwache," Bi Subira alisema, akavuta kiti akaketi. "Mwache alie mpaka achoke."