Boliti Iliyobaki na Kutu

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kabla chai haijachemka, Begimai alitoka uani kwenda kuliandaa gari. Kazi hiyo alikuwa amekabidhiwa na baba yake, naye aliifanya bila kukumbushwa. Alipangusa theluji kwenye vioo, akapachika kipande cha boksi mbele ya rejeta ili baridi isiishinde injini, akapima oili, kisha akarudi ndani na kusema, "Mama, gari tayari." Lilikuwa Zhiguli jeupe la Kirusi, kuukuu kuliko kaka yake Urmat, na lilikuwa bado linatembea kwa sababu moja tu: katika nyumba ile kitu kikiharibika kilitengenezwa siku ileile.

Mama yake, Bi Zuura, alikuwa muuguzi mjini Naryn. Aliteremka na gari hilo kila siku, akiwapeleka shuleni Begimai na watoto watatu wa majirani. Barabara ilishuka kwa kona kali juu ya mto, na upande wa mto haukuwa na ukingo wowote.

Wakati huo baba yao, Mzee Sagynbek, alikuwa kwenye malisho ya baridi pamoja na kondoo. Urmat, kijana wa miaka ishirini, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka mji mkuu, Bishkek, naye akasema kwamba ataendesha yeye ili mama apumzike. Alilizunguka gari, akacheka.

"Mama, hili limesimama kama mbuzi juu ya jiwe! Kule Bishkek vijana wote wameshusha magari yao. Niachie Jumamosi hii tu, utalipenda mwenyewe."

Mama alikubali, kwani alikuwa na furaha ya kumwona mwanawe nyumbani. Urmat akaliinua gari kwa jeki, akazitoa springi, akazikata kwa msumeno wa umeme na kuzirudisha zikiwa fupi. Gari likaketi chini, matairi yakajificha ndani ya bodi. Vijana wa kijiji walikusanyika wakapiga mbinja.

"Eh, Urmat! Sasa hili ndilo gari! Linailamba theluji!"

Begimai aliuliza swali moja tu. "Kaka, na mchawi je?"

Mchawi ni jina ambalo mafundi wa huko wamekipa chombo kidogo kilichofungwa juu ya ekseli ya nyuma. Gari likipakiwa mzigo, nyuma hushuka. Chombo hicho huuhisi mshuko huo kwa fimbo ya chuma, nacho huziachia breki za nyuma nguvu nyingi. Gari likiwa tupu, huzipunguzia nguvu, ili magurudumu ya nyuma yasikwame na kuteleza. Begimai aliyajua hayo kwa kulala chini ya gari kando ya baba yake, akimshikia tochi. Alijua pia kwamba gari lililokatwa springi humdanganya mchawi, naye hudhani kwamba lina mzigo wakati wote. Kwa hiyo ni lazima boliti yake ilegezwe na yeye apangwe upya.

"Nimeshampanga," alijibu Urmat bila kugeuka. "Unadhani mimi mtoto?"

Jumapili Begimai alijilaza chini ya gari kutia grisi, akaitazama boliti ile. Ilikuwa imefunikwa na kutu na tope la vuli, kavu, bila mkwaruzo hata mmoja wa spana. Akamwendea kaka yake faraghani.

"Kaka, ile boliti haijaguswa."

Urmat alikunja uso. "Imeshikwa na kutu, haifunguki. Nikiikata kichwa, Baba atanimaliza. Breki zinashika, basi, yatosha. Nani anachungulia huko chini?"

"Mimi nimechungulia."

"Basi funga mdomo. Ole wako unitie aibu mbele ya wenzangu!"

Jumatatu watoto wa majirani walikuwa tayari uani na mikoba yao, na theluji mpya ilikuwa imeanguka. Urmat alinyoosha mkono kwenye msumari ambapo ufunguo hutundikwa. Haukuwapo. Begimai alikuwa amesimama mlangoni, ngumi ameifumba.

Nurila, mmoja wa watoto hao na rafiki yake wa darasa moja, alimnong'oneza, "Sema umepotea kwenye theluji. Watakugombeza kidogo, halafu watasahau."

"Haujapotea," Begimai akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote, akauinua juu. "Ninao mimi. Na sitoi."

"We mtoto, umepatwa na nini?" mama alimaka. "Mpe kaka yako ufunguo! Wagonjwa wananisubiri."

"Samahani, Mama. Breki za nyuma hazijapangwa. Kaka alisema amezipanga, lakini hakuzigusa. Tukifunga breki kwenye kona, nyuma itatangulia mbele, na kule hakuna ukingo."

"Msikilizeni fundi mkuu!" Urmat alicheka, masikio yakiwa mekundu. "Kashika tochi siku mbili, sasa anatufundisha kazi!"

Vijana waliokuwa nje ya uzio walicheka pia. Mdogo kumpinga mkubwa wake mbele ya majirani lilikuwa jambo zito, na mama alisogea kumnyang'anya. Begimai hakurudi nyuma wala hakulia.

"Nichape, Mama, sitakimbia. Lakini hawa watoto hawapandi. Kama mimi mwongo, Kaka aende peke yake kwenye uwanja wa farasi, pale palipo tambarare. Akimbize gari, halafu afunge breki kama ng'ombe amekatiza mbele yake. Likisimama sawa, nitamwomba radhi hapahapa, mbele yenu nyote."

Mama aliushusha mkono wake. Alimtazama binti yake, kisha akamgeukia mwanawe. "Urmat, nijibu mimi mama yako. Uliigusa ile boliti?"

"Mama, leteni ufunguo, niwaonyeshe!"

"Sikukuuliza hilo," alisema mama. Hata hivyo alimpa ishara Begimai, naye akautoa ufunguo.

Wote walisimama kando ya uwanja. Urmat aliondoka kwa kishindo, akashika kasi, kisha akakanyaga breki. Sehemu ya nyuma ya gari ikateleza kando, ikaipita ile ya mbele, na gari likazunguka na kusimama likitazama lilikotoka. Injini ikazimika. Hakuna aliyecheka. Mtoto mdogo kuliko wote aliushika mkono wa Nurila.

Urmat alishuka, uso umempauka. "Sikuigusa," alisema polepole.

Juma lile walikwenda mjini kwa miguu, mama mbele na watoto nyuma yake. Vijana walimwita Begimai "Mkaguzi" na kumuuliza kama hata punda wamepangwa breki. "Bado," aliwajibu. "Nitaanza na wewe."

Baba aliporudi, Urmat alimweleza kila kitu mwenyewe, kabla hajaulizwa. Mzee Sagynbek hakupaza sauti. Aliimwagia boliti mafuta ya taa, akaiacha inywe hadi siku iliyofuata, kisha akamkabidhi mwanawe spana. Boliti ililegea bila kuvunjika. Springi nzima walizitoa kwenye Zhiguli bovu la jirani, wakamfunga mchawi na kumpanga upya, wakalijaribu gari uwanjani mara kadhaa hadi liliposimama likiwa limenyooka.

Ndipo baba alipowaita wote wawili.

"Urmat, kutaka gari zuri si kosa. Kiangazi kikija, ukitaka kulishusha, nitakusaidia. Lakini kazi ya mtu haipimwi kwa sehemu inayopigiwa mbinja. Sehemu ile iliyo gizani, ambako hakuna wa kukusifu, ndiyo iliyobeba roho za watoto wa watu. Ulishindwa na boliti, na hilo si aibu. Aibu ni kusema umeifungua."

Kisha akamgeukia binti yake.

"Nawe Begimai, ulimpinga mkubwa wako na mama yako. Kama ungeuficha ufunguo na kusema umepotea, leo ningekuadhibu pamoja naye, maana uongo hautibiwi kwa uongo. Lakini ulisimama mlangoni, ukasema wazi unachokataa na kwa nini, ukawa tayari kuchapwa kwa ajili ya hilo. Mkubwa akikosea katika jambo la uhai, heshima ni kumwambia machoni. Ukaidi wa namna hiyo usiuache."

Begimai alijifuta grisi mikononi.

"Sikuwa na nia ya kuuacha, Baba," alisema.